Mguu wa Uwanjani Ndio Mguu wa Shambani

Leo tutazungumza juu ya kifundo cha mguu, na namna ya kukilinda tunapocheza mpira.

Michezo ni mizuri. Huchangamsha mwili na huleta vijiji pamoja. Lakini mchezaji wa kijijini hana miguu miwili ya kuchezea na mingine miwili ya kulimia. Mguu ulioruka uwanjani Jumapili jioni ndio utakaokwenda shambani Jumatatu asubuhi. Ukiumia, kazi zote mbili husimama.

TUCHUKUE MFANO

Ni jioni. Timu mbili za netiboli zinacheza. Mama mmoja anaruka kudaka mpira. Anaudaka vizuri. Lakini anaposhuka, anakanyaga mguu wa mwenzake. Wayo wake unapinduka kwa ndani. Anasikia maumivu makali, anaanguka.

Watu wanakimbilia. Mmoja anauvuta mguu ili "kuurudisha mahali pake". Wa pili anaagiza maji ya moto ya kukanda. Wa tatu anauchua kwa mafuta kwa nguvu zake zote. Wote wana nia njema. Lakini usiku ule mguu unavimba kama boga. Wiki ya tatu mama huyu bado anachechemea. Magugu yamefunika shamba lake la mahindi.

Je, jambo hili lingeweza kuzuiliwa? Mara nyingi, ndiyo. Na hata baada ya kuumia, mguu ule ungeweza kutunzwa vizuri zaidi. Tuone kwa nini.

KIFUNDO CHA MGUU KIMEJENGWAJE?

Keti chini, uvue kiatu. Shika mguu wako pale unapokutana na wayo. Utagusa vinundu viwili vya mfupa. Kimoja kiko upande wa ndani, kingine upande wa nje. Hizo ni ncha za mifupa miwili: mfupa mnene wa muundi, na mfupa mwembamba ulio kando yake. Katikati yao umeingia mfupa wa tatu, unaokaa juu ya mfupa wa kisigino. Mifupa hii mitatu ndiyo inayofanya kifundo.

Mifupa hiyo imefungwa pamoja kwa kano. Kano ni kama kamba zinazofunga fito kwenye nguzo za nyumba. Upande wa ndani wa kifundo, kano ni pana na imara. Upande wa nje kuna kano tatu, nazo ni dhaifu zaidi. Ndiyo maana mguu ukipinduka, mara nyingi wayo hugeukia ndani, na kano za nje huvutika kupita kiasi au kukatika. Huko ndiko kuteguka.

Kano zina kazi nyingine pia. Ndani yake mna neva zinazopeleka habari kwenye ubongo: mguu umekaaje, umeinama upande gani. Kano ikiumia, habari hizo huchelewa. Mguu hupinduka kabla mwili haujajishika. Kwa hiyo mguu uliowahi kuteguka huteguka tena kwa urahisi, kama haukutunzwa. Kumbuka jambo hili. Tutalirudia.

KWA NINI MCHEZAJI HUTEGUKA?

Katika mpira wa miguu, wachezaji wengi huteguka wanapogongana, wanapokanyagana, au wanapogeuka ghafla.

Katika netiboli, hatari kubwa iko katika kuruka na kutua. Kanuni za netiboli hazimruhusu mchezaji kukimbia na mpira. Akishaudaka, hana budi kusimama, kugeukia kwenye mguu aliotua nao, na kuutoa mpira kabla ya sekunde 3 kwisha. Mtu anayekimbia kwa kasi na kusimama ghafla huutwisha uzito wake wote mguu mmoja. Mguu huo ukitua vibaya, huumia.

Mambo haya huongeza hatari: uwanja mbovu, viatu vibovu, mwili usiopashwa joto, uchovu, na mguu ulioumia zamani. Yote haya tunaweza kuyarekebisha.

KWANZA: TENGENEZA UWANJA

Kabla ya mchezo, watu wanne au watano watembee uwanja mzima, bega kwa bega, huku wakitazama chini. Wafanye nini?

1. Waondoe mawe, miiba, misumari na vipande vya chupa.
2. Wafukie mashimo ya panya na mashimo ya nguzo za zamani.
3. Wang'oe visiki na vigingi vya kufungia mbuzi.
4. Wasawazishe nyayo za ng'ombe. Ng'ombe akipita wakati wa mvua huacha mashimo. Jua likiwaka, mashimo hayo hukauka na kuwa magumu kama tofali.

Mistari ya uwanja ichorwe kwa majivu. Usichimbe mistari kwa jembe. Mfereji mdogo watosha kuugeuza mguu wa mtu anayekimbia. Watazamaji nao wakae mbali na mstari, wala wasiweke baiskeli wala mizigo karibu.

PILI: TAZAMA VIATU

Kiatu kizuri cha kuchezea si lazima kiwe cha bei kubwa. Yafaa kiwe hivi: kisigino kisichezecheze ndani, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kamba zifungwe zote. Nenda kujaribu viatu jioni, maana miguu huvimba kidogo kutwa, na kiatu kinachotosha asubuhi huweza kubana jioni.

Geuza kiatu uangalie soli. Kama imelika upande mmoja, kiatu hicho kinauinamisha mguu wako kila hatua. Usikitumie uwanjani.

Kandambili si za kuchezea. Huteleza na huvuka mguuni.

Vijana wengine hugawana jozi moja ya viatu. Mmoja huvaa cha kulia, mwingine cha kushoto. Huo ni upendo, lakini ni hatari. Mguu mmoja huwa juu, mwingine chini, na mwili hukosa mizani. Ni afadhali wote wacheze bila viatu katika uwanja uliosafishwa vizuri. Na kama wengine hawana viatu, wenye njumu wavue njumu zao, wasije wakawakanyaga wenzao.

Mtu mwenye kisukari asicheze wala kutembea bila viatu. Ugonjwa huo huweza kufisha hisia za miguu. Huweza kukanyaga mwiba asijue, na kidonda kikawa kikubwa. Atazame nyayo zake kila jioni.

TATU: PASHA MWILI JOTO

Injini ya gari la zamani huachwa ingurume kidogo kabla ya safari. Mwili nao hutaka hivyo. Tumia dakika 15 hadi 20 kabla ya mchezo:

1. Kimbia polepole kuzunguka uwanja.
2. Enda mbio fupi za upande upande, kulia na kushoto.
3. Simama kwa vidole vya miguu, shuka polepole. Rudia mara 15.
4. Simama kwa mguu mmoja, kisha mwingine.
5. Ruka juu na utue vizuri. Rudia mara 10.
6. Kimbia kwa kasi, simama, geuka, kimbia tena.

Mazoezi ya namna hii yamepimwa na wataalamu. Huko Lagos, Nigeria, timu za vijana wa mpira wa miguu ziligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilifanya mazoezi yaliyopangwa, na la pili liliendelea kama kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Wale waliofanya mazoezi yaliyopangwa waliumia mara chache zaidi, pungufu kwa zaidi ya theluthi moja. Mazoezi hayo hayakuhitaji mashine yoyote. Yalihitaji uwanja, mpira na bidii.

NNE: JIFUNZE KUTUA

Mwangalie paka akiruka kutoka ukutani. Hutua kimya kimya. Wewe nawe ufanye hivyo.

Tua kwa miguu yote miwili unapoweza, ikiwa imepanuliwa usawa wa mabega. Anza na sehemu ya mbele ya wayo, kisha kisigino. Kunja magoti na nyonga. Magoti yaelekee kule vinakoelekea vidole. Ukisikia kishindo kikubwa, jua umetua vibaya. Mwalimu wa timu asikilize vishindo vya wachezaji wake. Masikio yake yatamwambia nani anahitaji kufundishwa zaidi.

TANO: FUNDISHA MGUU MIZANI

Hili ni zoezi dogo lenye faida kubwa, hasa kwa mtu aliyewahi kuteguka. Simama kwa mguu mmoja kwa muda wa nusu dakika. Kisha badilisha. Rudia mara tatu kila siku. Waweza kulifanya unaposwaki asubuhi, au unaposubiri maji yachemke.

Likiwa rahisi, mwenzako akurushie mpira nawe uudake huku umesimama kwa mguu mmoja. Likiwa rahisi zaidi, fumba macho, mwenzako akiwa karibu kukushika. Zoezi hili huzifundisha upya neva za kifundo kupeleka habari upesi. Usiliache baada ya wiki moja. Liendeleze miezi mitatu au zaidi.

Aliyewahi kuteguka anaweza pia kuvaa kifunga cha kifundo chenye kamba wakati wa mchezo. Huuzwa katika maduka ya vifaa vya michezo. Humsaidia asiteguke tena. Lakini kifunga si badala ya mazoezi.

NENO KWA WENYE UMRI

Siku za sikukuu, wazee huwashindania vijana mpira. Ni jambo la kufurahisha. Lakini mtu aliyekaa miaka 10 bila kucheza asiingie uwanjani kwa kasi ya ujana wake. Nyuma ya kifundo kuna kano nene inayoshika kisigino. Kano hii huweza kukatika ghafla, hasa kwa watu wa miaka 30 hadi 50 wanaocheza mara moja moja. Mtu husikia kama amepigwa jiwe au teke kwa nyuma. Akigeuka haoni mtu. Kisha hawezi kusimama kwa vidole vya mguu huo. Huyo apelekwe hospitali upesi.

Wazee wajiandae wiki kadhaa kabla, kwa kutembea haraka, kisha kukimbia kidogo kidogo. Nao wakichoka wapumzike. Hakuna aibu.

UKITEGUKA, UFANYE NINI?

1. Acha kucheza hapo hapo. Usijikaze. Usikubali mtu auvute mguu.

2. Legeza kamba za kiatu, ukivue polepole kabla mguu haujavimba.

3. Poza. Kama kuna barafu, izungushie kitambaa, uweke dakika 15 hadi 20. Usiiweke barafu juu ya ngozi tupu, huunguza. Kama hakuna barafu, chovya kitambaa katika maji ya mtungi, uweke juu ya uvimbe. Kikipata joto, chovya tena. Rudia baada ya kila saa mbili au tatu siku hiyo. Kupoza hupunguza maumivu.

4. Funga. Tumia bendeji ya kuvutika, au ukanda wa khanga safi. Anza karibu na vidole, panda kuelekea muundi. Acha vidole vionekane. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, umekaza mno. Fungua ufunge upya.

5. Inua. Ukilala, weka mguu juu ya mto au gunia lililokunjwa, uwe juu kuliko kifua.

MAMBO MATATU YA KUEPUKA

Kwa siku mbili au tatu za kwanza, usikande kwa maji ya moto, usichue, na usinywe pombe.

Wengi watashangaa. Kukanda si dawa ya wazee wetu? Tueleze sababu. Kano inapochanika, mishipa midogo ya damu nayo hupasuka. Damu huvuja ndani. Huo ndio uvimbe na ule weusi unaouona. Maji ya moto huipanua mishipa hiyo. Kuchua kwa nguvu huichana zaidi. Pombe nayo huongeza uvimbe, na humfanya mtu asisikie maumivu, hata akautembelea mguu uliovunjika. Maji ya vuguvugu huweza kutumika baadaye, uvimbe ukishapungua.

ANDIKA KWA MGUU

Kupumzika si kulala mwezi mzima. Baada ya siku mbili au tatu, maumivu yakipungua, anza kuuchezesha mguu.

Keti kitini, uninginize mguu. Sasa andika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Anza na a, e, i, o, u. Ukiweza, andika jina lako lote. Andika mara tatu kwa siku. Zoezi hili hukipeleka kifundo pande zote, na hukizuia kukakamaa. Wewe uliyejifunza kuandika kwa mkono, sasa jifunze kuandika kwa mguu.

Kisha tembea kidogo kidogo, kwa fimbo ukihitaji. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima.

LINI UENDE ZAHANATI?

Mguu uliovunjika na mguu ulioteguka huweza kufanana kwa macho. Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, nchini Kanada, walitangaza njia ya kuwachagua watu wanaohitaji picha ya eksirei. Njia hiyo hutumika hata leo katika nchi nyingi. Nasi tunaweza kuitumia kujua haja ya kwenda haraka. Jiulize:

1. Je, ninashindwa kutembea hatua nne?
2. Je, nikibonyeza mfupa wa kinundu cha ndani au cha nje, kwenye ukingo wake wa nyuma au kwenye ncha yake, pana maumivu?
3. Je, nikibonyeza mfupa uliojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, au mfupa wa upande wa ndani juu ya upinde wa wayo, pana maumivu?

Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, nenda zahanati au kituo cha afya. Nenda haraka zaidi kama mguu umepinda, kama mfupa umetokeza, au kama vidole vimekufa ganzi. Mtoto aliyeumia apelekwe hata kama hamna hakika, maana mifupa yake bado inakua.

Msiunyoshe mguu uliopinda. Ufungeni kwa vitambaa pamoja na mbao mbili, kama ulivyo. Mchukueni mgonjwa kwa machela. Fito mbili imara na magunia mawili yaliyotobolewa pembe hutosha.

Kama ni kidonda cha mwiba, msumari au chupa, kioshe kwa maji safi mengi na sabuni. Usipake mavi ya ng'ombe, udongo wala mafuta ya taa. Katika udongo na mavi ya wanyama mna vijidudu vya pepopunda. Ugonjwa huo huua. Nenda zahanati ukaulize habari za sindano ya kinga.

LINI KURUDI UWANJANI?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Maumivu yakiisha, mtu hudhani amepona. Kumbe kano bado ni changa. Watu wa timu humwendea na kumwambia, "Njoo, bila wewe tutafungwa." Naye huingia. Anateguka mara ya pili, na mara hii vibaya zaidi.

Jipime kwanza. Je, unatembea bila kuchechemea? Je, unasimama kwa mguu ulioumia nusu dakika? Je, unaruka kwa mguu huo peke yake mara 10 bila maumivu? Je, unakimbia kwa kupindapinda kama nyoka na kusimama ghafla? Ukishindwa moja, bado. Mguu ulioteguka kidogo huhitaji wiki moja au mbili. Uliochanika sana huhitaji wiki nyingi, hata miezi.

Viongozi wa timu, msimlazimishe mtu. Mechi nyingine itakuja. Shamba halingoji.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mguu ni mteguko wa kwanza. Uzibe vizuri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mguu huteguka zaidi upande wa nje?
2. Tembeleeni uwanja wa kijiji chenu. Mmeona hatari gani? Nani ataziondoa, na lini?
3. Mambo gani matatu yasifanywe siku mbili au tatu za kwanza? Elezeni sababu.
4. Mtu asiyeweza kutembea hatua nne baada ya kuumia afanyiwe nini?
5. Kila mmoja asimame kwa mguu mmoja kwa nusu dakika. Wangapi wameweza? Rudieni baada ya mwezi mmoja, mlinganishe.